Fundi Aliyebamba Mikono

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ulikuwa upi, kwa sababu sikuwepo alipozaliwa, na wanaodai kujua hawakubaliani. Nimewasikia watu watatu wakitaja mito mitatu tofauti. Mimi nilikuwa mwalimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mwanafunzi aliyeanza jibu lake kwa neno "wanasema" nilimwambia aketi, kisha akamlete huyo aliyesema. Basi humu nitaandika niliyoyaona, pamoja na yale aliyoniambia yeye mwenyewe. Mengine nitayaacha, kama mchumaji wa chai anavyoyaacha majani yaliyokomaa.

Tulimwita Fundi. Katika nchi ya majani chai, kati ya Kericho na Bomet, mafundi hawakuwa haba: wa cherehani, wa baiskeli, wa mitambo ya kiwandani. Lakini ukilitaja neno hilo bila kuliongezea kitu, kila mtu alijua unamtaja mwanamke mrefu mwenye koti la mvua la kijani, yule aliyeshona vibuyu vilivyopasuka na kupiga picha za sinema.

Nilipoingia nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, miaka michache baada ya Uhuru, nilidhani nimekosea mlango. Palikuwa na meza moja tu, ndefu, ya mbao za masanduku ya chai. Upande huu palikuwa na vibuyu, vigae vya vibuyu, shanga ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, na kano za ng'ombe zilizolowekwa majini. Upande ule palikuwa na kamera ya sinema, ndogo kama tofali la sabuni, na utepe wa filamu uliojikunja kama ganda la chungwa. Koti la mvua lilikuwa msumarini nyuma ya mlango, na chini yake mfuko wa safari uliokwisha kufungwa. Nilimuuliza kazi yake hasa ni ipi kati ya hizo.

"Zote ni kazi moja, Mwalimu," alisema bila kuinua macho.

Nilidhani ni majivuno ya maneno. Kisha filamu yake ikakatika mbele yangu. Alikwangua ncha zake kwa wembe, akazipaka gundi, akazibana kwa vidole viwili huku akihesabu kimya kimya, na uso wake ulikuwa uleule aliokuwa nao dakika chache kabla alipokuwa akishona kibuyu. "Ufa ni ufa," alisema. Hakuwa amejivuna. Alikuwa ametoa taarifa.

Ni lazima nieleze jambo la vibuyu, kwa ajili ya msomaji asiyekulia huku. Mimi mwenyewe sikukulia huku. Nilitoka Maragoli nikiwa kijana aliyemaliza chuo cha ualimu, nikafundisha watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya chai, nikabaki. Kibuyu cha mursik, yale maziwa yanayolazwa ndani ya chombo kilichosuguliwa kwa makaa ya mti, hakitupwi ovyo kikipata ufa. Hutobolewa kando ya ufa kwa chuma cha moto, kikashonwa kwa uzi wa kano, kisha mshono ukapambwa kwa shanga. Nimeona nyumba ambamo kibuyu kizima kilikaa chini na kile chenye mshono kikatundikwa mahali ambapo mgeni angekiona kwanza. Fundi alisema kibuyu kizima hakijajulikana bado, kwa maana hakijajaribiwa.

Hata hivyo, vibuyu vyote alivyovishona vilikuwa na dosari moja, naye alikuwa wa kwanza kuitaja: vilivuja. Si sana. Tone hapa, unyevu pale, na nta ya nyuki ya kuziba. Katika nchi yote ile, kwa kadiri alivyokuwa amezunguka na kuchunguza, alikuwa amekutana na mtu mmoja tu aliyeshona kibuyu kikakaa kikavu bila nta. Alikuwa bibi mmoja wa upande wa Sigowet, mzee sana, ambaye mshono wake uliitwa njia ya sisimizi, kwa sababu uzi unaokwenda hukutana na uzi unaorudi na hakuna anayemsukuma mwenzake. Bibi huyo hakuwa na binti aliyeutaka ujuzi huo. Fundi alikwenda kwake mara kadhaa, akaketi, akatazama, akarudi nyumbani akajaribu, na kibuyu kikavuja. Mkono wa yule bibi, alisema, ulimpita. Alichokitaka kuliko kitu chochote duniani ni kuutia mkono ule ndani ya filamu kabla haujaingia kaburini.

Kuhusu kamera, nimesikia kwamba aliiiba, na nimesikia kwamba aliiokota. Yeye aliniambia hivi: kulikuwa na mke wa mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao, akataka vibuyu vya shanga vya kupeleka nyumbani, na Fundi akamwambia atampa vibuyu iwapo atampa kile kijisanduku kinachokula mwanga. Mama yule alicheka, akampa pamoja na projekta yake, akamwonyesha matumizi yake kwa mchana mmoja. Nilimuuliza Fundi kwa nini alikitamani. Akasema alikuwa amemwona mama yule akiwapiga picha watoto wake wakikimbia bustanini, na kuona hivyo kulimtia uchungu, kwa sababu watoto wangekimbia tena kesho, lakini mtunza bustani aliyekuwa nyuma yao akifunga ufagio kwa namna ambayo Fundi hakuwahi kuiona alikuwa akihamia kwingine mwisho wa mwezi.

Hakupiga picha za nyuso. Hilo lilikuwa sharti lake la kwanza, na sikumwona akilivunja. Alipiga mikono: ikichuma majani, ikisuka vikapu, ikisokota kamba, ikipiga viraka kwenye paa la bati. "Uso umefundishwa kudanganya," alisema. "Mkono bado." Sharti la pili lilikuwa kwamba hapigi mkono ambao hajausalimia. Alikushika mkono kwanza, akaushika kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, akaugeuza kama anayechagua viazi. Watu wengine waliona aibu. Mchungaji wetu, baada ya kusalimiwa hivyo, alitazama kiganja chake mwenyewe njia nzima hadi kanisani.

Safari zake zilikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa msafiri mwingine. Hakufuata watu, alifuata vitu. Aliokota kamba nzuri sokoni Kapsoit, akamuuliza muuzaji aliipata wapi, akapanda basi hadi hapo palipotajwa, akauliza tena, na hivyo akairudisha ile kamba nyuma, mkono kwa mkono, hadi akamfikia msokotaji mwenyewe karibu na reli ya Fort Ternan. Mzee yule, nilivyoambiwa na Fundi, alishtuka kuona kamba yake imerudi nyumbani. Alidhani Fundi amekuja kulalamika.

"Nilimwambia, mzee, kamba yako haina makosa. Mimi ndiye nina makosa, sijui kusokota. Akasema, sasa nikusaidie aje? Nikamwambia, sokota tu, usiniangalie."

Hiyo ndiyo sentensi aliyoisema kuliko zote: usiniangalie. Alikuwa mkali nayo. Mwanamke mmoja wa kambi ya wafanyakazi, alipoona kamera, alianza kusuka kikapu kwa madaha, mabega yakicheza, vidole vikiruka. Fundi alisimamisha kamera. "Mama, hiyo ni ngoma. Mimi nimekuja kwa kikapu." Na utepe mmoja, ambao kwangu ulikuwa mzuri kuliko yote, wa wachumaji kwenye mteremko na ukungu ukipanda nyuma yao, aliukata akautupa motoni, kwa kuwa nyapara alikuwa amewaambia wachumaji wachume haraka ili wapendeze. Nilipinga. Akaniuliza iwapo mimi humpa maksi mwanafunzi aliyeandika jibu zuri lisilo la kweli.

Nisidhaniwe ninamsifu bila kipimo. Alikuwa na subira isiyo na mwisho kwa vitu na subira fupi sana kwa watu. Aliweza kukaa asubuhi nzima akingoja kano ilainike, lakini ukichelewa kumjibu swali alikugeuzia mgongo. Alichelewa kanisani kila Jumapili, naye ndiye aliyefika kituo cha basi kabla ya dereva. Alitaka mikono ya kila mtu, na mikono yake mwenyewe hakuruhusu ipigwe. Nilipomwambia kwamba hiyo si haki, alisema, "Kisu hakijichinji, Mwalimu," kwa namna ya mtu aliyefunga mjadala.

Sinema zake alizionyesha katika ukumbi wa wafanyakazi, kwa sababu hapo palikuwa na umeme wa kiwanda. Alasiri, mvua ya Kericho ilipoanza kama ilivyo desturi yake, madirisha yalizibwa kwa magunia, na shuka likatundikwa ukutani. Filamu hazikuwa na sauti. Fundi aliamuru watu wanyamaze, kisha yeye akazungumza mwanzo hadi mwisho.

"Haya, hii mikono ni ya nani?"

"Ya mama Chebet!"

"Mama Chebet na kovu la panga ameonekana nalo lini? Angalieni kidole!"

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sitalisahau. Fundi alikuwa amesafiri hadi kwetu Maragoli, akapiga picha mikono ya mwanamke mmoja akisuka ungo. Ungo ulipotokea kwenye shuka, kijana mmoja wa kwetu, mfanyakazi wa kiwandani, aliinuka ghafla katikati ya watu, akajifunika uso kwa kofia, akaanza kutafuta mlango.

"Wewe, kaa chini, unatuzibia!"

"Siwezi. Huyo ni mama mkwe."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. "Ni mikono tu, bwana!" "Mwambie ageukie ukuta!" Lakini kijana yule hakuwa akitania, kwa maana kwetu mtu haketi chumba kimoja na mama mkwe wake, tena gizani. Fundi hakucheka. Alisimamisha projekta, akaomba gunia liondolewe dirishani, akamwomba msamaha mbele ya wote kana kwamba amemkanyaga mguu. Kijana akatoka akasimama mvuani, chini ya ukingo wa paa, mpaka mama mkwe alipomaliza kusuka. Ndipo akaitwa arudi. Nami nikaketi pale, mtu wa vitabu, nikitafakari kwamba mwanamke huyu ametengeneza kwa mwanga mkono ambao mtu anaupisha njia kama mkono wa nyama.

Sasa nifike kwenye neno.

Fundi alizungumza Kiswahili cha kambini, na kama wengi waliokua wakisema Kikipsigis, lugha ya wenyeji wa huku, ulimi wake haukuona sababu ya kutenga p na b. Katika kuyaandika maneno yake nimeyanyoosha, isipokuwa pale herufi yenyewe ilipo habari. Nilimsahihisha mara nyingi.

"Fundi, si bicha. Ni picha."

"Ndiyo nimesema. Bicha."

"Umesema b."

"Nyinyi watu wa Maragoli mmejaa shule kama mahindi kwa gunzi. Nafasi ya masikio iko wapi?"

Alipenda kusema kwamba kazi yake ni kupamba. Vibuyu anavipamba kwa shanga, na mikono anaipamba kwa mwanga. Lakini ulimini mwake kupamba kulitoka kubamba, na kubamba, kama kila mtu ajuavyo, ni kukamata, kama askari anavyombamba mwizi. Siku moja alisimama kambini akatangaza kwa sauti yake kubwa kwamba wiki ile amekuja kubamba mikono ya akina mama. Wenye kumjua walielewa. Wageni wa mashambani, waliokuja na mvua za mwaka ule, walisikia walichosikia.

Baada ya hapo mchumaji mmoja aliyekuwa amepigwa sinema alionekana na mkono uliovimba. Hayo yalitosha. Ikasemwa kwamba Fundi anabamba mikono ya watu, anaitia kwenye kijisanduku, na mwenye mkono hubaki na ganda. Neno likapanda basi. Lilipofika Sigowet lilikuwa limekwisha kugeuzwa kuwa la Kikipsigis, na katika Kikipsigis halikuwa tena na nafasi ya utata wowote: lilikuwa ni kukamata. Yule bibi wa njia ya sisimizi, ambaye alikuwa amekwisha kukubali kupigwa sinema, alituma ujumbe kwamba Fundi asikanyage uani kwake.

Sikuwahi kumwona Fundi ameketi bila kazi mikononi, ila siku ile.

Wazee wa kambi walikutana kuamua iwapo afungiwe ukumbi. Mwenyekiti wao alikuwa nyapara mstaafu, mtu mzuri mwenye sauti ya kuita watu mabondeni.

"Mwalimu, huyu mama amesema mwenyewe, kwa mdomo yake, anabamba watu."

"Nani aliyemsikia?"

"Kila mtu."

"Kila mtu hana jina, mzee. Nipe jina."

Alikuna kichwa. Waliniomba nichunguze, nami nikachunguza kwa furaha ambayo sitaificha. Nilimtafuta kwanza yule mchumaji. Nilimkuta amerudi kazini, kikapu mgongoni, mkono umekwisha kunywea. Nikamuuliza kilichomvimbisha.

"Nyuki, Mwalimu. Nilitia mkono kwa mzinga ya shemeji yangu."

"Mbona hukuwaambia watu?"

"Hakuna mtu aliniuliza. Walikuwa wananiuliza tu kama ni kweli."

Jibu hilo nimelirudia darasani kwa miaka, na sijapata lililo bora kuhusu asili ya uvumi. Nililipeleka kwa wazee pamoja na maelezo ya herufi mbili, p na b, nikayaandika ubaoni kwa chaki. Mwenyekiti alijaribu kutamka kupamba mara tatu, akatoka kubamba mara zote tatu, akacheka mpaka akafuta machozi. Ukumbi haukufungwa.

Lakini bibi wa Sigowet hakuwa chini ya wazee wetu, na kwake chaki haikuwa na kazi. Fundi aliniomba nimsindikize. Tulitoka asubuhi, kukiwa na jua, tukashuka kwenye basi na kutembea kati ya mahindi. Kikipsigis changu ni cha mtu aliyekiokota kwa sikio, hata hivyo njiani nilitayarisha hotuba: kwanza herufi, pili nyuki, tatu hitimisho. Niliiona kuwa haina nyufa.

Bibi alikuwa ameketi kwenye ngozi mbele ya nyumba, kibuyu chenye ufa mapajani. Hakutukaribisha wala hakutufukuza. Nikaanza. Nikaeleza kwamba neno lililomfikia si neno lililosemwa. Kwamba Fundi alisema anaremba, si anakamata. Kwamba kosa lote ni la ulimi. Nilikuwa bado kwenye herufi Fundi aliponigusa kiwiko.

"Mwalimu, asante. Usinitetee na uongo."

"Uongo upi? Hukusema kupamba?"

"Nilisema. Lakini hata ile ingine ni kweli."

Akachuchumaa mbele ya yule mzee, akamwita *kogo*, yaani nyanya, na kumwambia kwa Kikipsigis, polepole, hata mimi nikafuata kila neno. Alisema: Kogo, waliokuambia hawakukosea. Nakamata. Wewe utakwenda, na mkono wako utakwenda nawe, na mimi sitaki uende. Nataka kuushika. Nimejaribu kuushika kwa macho, umenishinda. Ukikataa nitafunga mfuko wangu nirudi, wala sitakuja kwa njia nyingine.

Nilishikwa na hasira. Ushindi ulikuwa mikononi mwetu, wa haki na wa sarufi, naye aliuweka chini kama mtu anayetua mzigo wa mwenzake. Nilitazama uso wake mara moja tu. Alikuwa na hofu, kama mtu anayengoja kusomewa matokeo.

Kuku alipita kati yetu. Kisha mabega ya yule mzee yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, bila jino moja la mbele.

"Nimekamatwa mara nyingi," alisema. "Nilikamatwa na mume. Nikakamatwa na kazi ya barabara ya Wazungu. Sasa nimekamatwa na magoti. Wote hao hakuna aliyepiga hodi. Wewe umepiga."

Akanyoosha mkono wake usalimiwe. Fundi akaushika, akaugeuza, akauinamia. Na bibi akaweka sharti: asivishwe shanga, asioshwe kucha, asiambiwe akae vizuri. Maneno yake hasa, nikiyatia katika Kiswahili sanifu, yalikuwa haya: Nibambe, lakini usinipambe. Yeye hakujua lugha hiyo wala utani uliomo ndani yake. Mimi nilijua.

Kamera ile ilipigwa ufunguo kama saa, na kila ufunguo ulidumu kadiri ya mtu kusali Baba Yetu bila haraka. Fundi alikuwa na utepe mmoja tu. Aliiweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa, akalala kifudifudi nyuma yake, na bibi akaanza kushona. Tundu la kwanza likapita, la pili, la tatu, na kamera kimya. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa ziwa kama kila alasiri. Nilitaka kumpigia kelele. Mshono ulikuwa ukitembea kuelekea mwisho wa ufa, na yeye amelala pale na koti lake la kijani kama jani lililoanguka. Ndipo uzi ulipofika ukingoni ukageuka kurudi, na papo hapo nikasikia kamera ikianza kutafuna. Alikuwa akingoja kurudi tu. Namna ya kwenda alikuwa amekwisha kuijua. Kilichompita miaka yote ile ni kurudi. Utepe uliisha pamoja na fundo la mwisho, na tone la kwanza la mvua lilimkuta ameifunika kamera kwa mwili wake wote.

Filamu ilipelekwa kwa posta ng'ambo kusafishwa. Iliporudi, bibi alikuwa amefariki. Niliiona ukumbini mara moja: mikono myeusi iliyokunjamana, ikipita haraka kama ndege. Watu walipiga makofi. Fundi hakupiga. Alizima projekta akasema, "Bado inanipita."

Nilihamishwa kwenda kufundisha upande wa Bomet, na miaka ilikwenda. Nilisikia kwamba Fundi amekuwa kipofu, kwamba amehamia Nairobi, kwamba amekufa. Karibu na mwisho wa miaka ya sabini, nilipostaafu, nilikwenda kuhakikisha.

Alikuwa hai, naye aliona. Nyumba ilikuwa ileile, nje kidogo ya Kapsoit. Koti la kijani lilikuwa msumarini, limepauka, na mfuko wa safari umefungwa chini yake, ingawa magoti, alisema, yamekataa ngazi za basi. Projekta ilikuwa pembeni imefunikwa kitambaa. Balbu yake ilikuwa imekufa zamani, na ya kuibadili haikupatikana kokote. Nilimpa pole. Nilisema ni hasara kubwa, filamu zote hizo na hakuna wa kuziona.

"Hasara?" Aliinuka kwa shida, akashusha kibuyu kikubwa chenye mfuniko, akatoa humo utepe. Ulinukia moshi na maziwa ya zamani. Akanivuta hadi dirishani, akaunyoosha mbele ya mwanga. "Vaa miwani yako, Mwalimu. Usome."

Nilisoma. Picha ndogo kama ukucha wa mtoto, moja chini ya nyingine, na katika kila moja mkono wa yule bibi umetulia. Haukwenda popote. Ulisubiri.

"Taa ilipokuwa mzima, mkono ulikuwa unakimbia," alisema. "Taa ilikufa, mkono ukasimama. Hapa, angalia hapa. Uzi unarudi, lakini haupiti juu ya mwenzake. Unapita katikati yake. Anaupasua ule wa kwanza na sindano, anaupitisha ndani. Kila tundu. Sikuona hiyo miaka yote. Nilikuwa nalaumu macho yangu, kumbe ni mwendo."

Sikuona alichokionyesha, nami sitadai kwamba niliona. Niliona mkono tu. Lakini alikwisha kwenda mezani, akarudi na kibuyu kingine, cha kadiri, chenye ufa uliotoka shingoni hadi karibu na kitako. Mshono ulikuwa wazi. Hakuwa ameuwekea hata ushanga mmoja, wala sikuona nta. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio, na nilipovitazama alivificha kidogo, kwa mazoea yake.

Akakijaza mursik hadi juu, akanipa.

Nilikunywa. Kisha nikafanya kile ambacho maisha yangu yote yamenifunza kufanya. Nilikiinua kibuyu, nikakishika kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, nikapitisha kiganja changu chini ya mshono, kutoka shingoni hadi kitakoni, polepole, kama mtu anayetafuta kosa katika mtihani wa mwanafunzi anayempenda. Nje mvua ilikuwa imeanza. Yeye alisimama akitazama mkono wangu, na ile hofu niliyoiona Sigowet ilikuwa usoni mwake tena.

"Sasa sema, Mwalimu," aliniambia. "Hapa nimebamba, ama nimebamba?"

Kwa mara ya kwanza tangu tujuane sikuitafuta herufi.

"Ndiyo, Fundi," nikasema, nikamgeuzia kiganja changu akione. Kilikuwa kikavu.